Ganda la risasi: linaweza kujazwa tena? Na linatuambia nini?

Masasi yakilia usiku upande wa Oicha, Mbau ao katika kata za pembeni za muji wa Beni, asubuhi mara nyingi watoto ndio wanafika wa kwanza pale palipopigwa. Wanaokota maganda, vile vikopo vidogo vya rangi ya dhahabu ao ya kijani iliyofifia vinavyobaki chini risasi ikisha kuondoka. Wengine wanavipuliza kama filimbi, wengine wanaviweka mfukoni wakitarajia kuviuzisha kwa mnunuzi wa vyuma vya zamani. Wakubwa nao wanasimama kando na mazungumzo yanaanza.

Katika mazungumzo hayo mambo mawili hayakosekani. La kwanza ni hili: maganda yasibaki hapa, wale watu wa pori watarudi kuyachukua wayajaze tena. La pili, mutu anageuza ganda, anasoma namba zilizoandikwa kwenye kitako chake, kisha anatangaza mbele ya wote ni nchi gani imetuma washambulizi. Maneno hayo mawili yanatoka Beni na kufika Butembo, kilometa 54 hivi, mbio kuliko teksi. La kwanza kwa sehemu kubwa haliko kweli. La pili iko kweli nusu, na ile nusu ingine njo inaleta hatari, kwani hapa kwetu mutu anaweza kupigwa ao kuchomwa moto kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo.

Tuanze na kitu chenyewe. Tunasema "risasi" kwa kila kitu, lakini risasi nzima kabla ya kupigwa iko na sehemu nne. Kuna kichwa, kile kinachoruka na kuua. Kuna baruti ndani. Kuna fataki, kidonge kidogo cha moto kilichokaa katikati ya kitako. Na kuna ganda, ambalo linashika vile vingine vyote pamoja. Ganda la bunduki kubwa limekaa sawa vile chupa ndogo ya pombe, likiwa na tumbo pana, bega linaloteremka, halafu shingo nyembamba ambayo inabana kichwa cha risasi kisitoke.

Bunduki aina ya AK, ile ambayo karibu kila mutoto wa Beni anaitambua kwa sauti, inakula risasi ya milimita 7.62 kwa 39. Namba ya kwanza ni upana wa ndani wa mtutu, ya pili ni urefu wa ganda. Bunduki ya rashasha aina ya PKM inakula yenye ganda la milimita 54, na hiyo unaitambua kwa ukingo uliotokeza kwenye kitako, muundo wa Warusi tangu mwaka 1891. Ile ya milimita 5.56 kwa 45 ni nyembamba zaidi, na ni ya bunduki zilizotengenezwa kwa vipimo vya majeshi ya Magharibi, ingawa leo inapigwa duniani kote. Kwa hiyo hata mutu asiyesoma maandishi ya kitako anaweza kujua kwa umbo tu ni bunduki za namna gani zilikuwa zikilia.

Sasa angalia kinachotokea kidole kinapovuta. Sindano ya bunduki inapiga fataki, fataki inawasha baruti, baruti inageuka kuwa moshi wenye nguvu ya kutisha. Katika risasi ya AK nguvu hiyo inaweza kufika zaidi ya bar 3,000. Tairi la pikipiki unalojaza pale kwa fundi wa barabarani linashika bar mbili na kidogo. Kichwa kinasukumwa kwenye mtutu na kutoka kwa mwendo wa mita 700 na zaidi kwa sekunde. Wakati huohuo ganda nalo linasukumwa toka ndani kwenda nje, linavimba mpaka linagandamana na kuta za chemba ya bunduki. Njo kazi yake hiyo. Likikubali kuvimba hivyo linaziba kila nafasi, na moto hauwezi kurudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Nguvu ikishuka, ganda linarudi kidogo, lakini halirudi lilivyokuwa. Linabaki nene kidogo, na shingo yake imefunguka. Ukichukua kichwa kipya cha risasi na kukiweka katika shingo hiyo, hakibanwi. Kinacheza tu, kinaweza kuanguka ndani.

Hapo ndipo inaanza kazi ya wale wanaojaza tena. Wapo, na ni wengi, ila hawako porini kwetu. Katika Marekani, Ulaya na Afrika ya Kusini, wawindaji na watu wa mchezo wa kulenga shabaha wanajaza maganda yao nyumbani, mbele ya meza, taratibu, kama mshonaji mbele ya charahani. Wanafanya hivyo kwa sababu risasi za dukani ni ghali, na kwa sababu wanataka kila risasi ifanane na mwenzake. Kabla ya jambo lingine lolote wanapaswa kurudisha shingo katika kipimo chake. Ganda linasukumwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu inayolifinya mpaka shingo ipate tena nguvu ya kubana.

Na hapo wenyewe wanabishana. Kuna wanaofinya ganda zima, tumbo na bega na shingo, lirudi kama lilivyotoka kiwandani, liingie katika bunduki yoyote ya kipimo hicho. Kuna wanaofinya shingo peke yake na kuacha tumbo jinsi lilivyo. Hao wa pili wanasema: ganda hili limekwisha kuchukua umbo la chemba ya bunduki yangu, limekuwa kama kiatu kilichozoea mguu, kwa nini nilibadilishe? Ubaya wake ni kwamba ganda hilo halifai tena kwa bunduki ya mwingine. Linaweza kukwama, hata kama bunduki hizo mbili zilitoka kiwanda kimoja siku moja. Tena, kadiri shingo inavyovimba na kufinywa, kuvimba na kufinywa, madini yake yanakuwa makavu na mwisho yanapasuka. Ni sawa na waya unaoupinda huku na huku mpaka unakatika.

Shika neno hilo la kiatu na mguu, tutalirudilia.

Je, kazi hiyo inaweza kufanyika na maganda yanayookotwa Mbau ao Eringeti? Kizuizi cha kwanza ni madini yenyewe. Ganda linalojazwa tena ni la shaba ya manjano, mchanganyiko wa karibu sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, kwa sababu shaba hiyo ni laini, inakubali kuvimba na kufinywa. Lakini risasi nyingi za AK duniani, za Warusi na za Wachina, zina ganda la chuma cha pua kilichopakwa rangi ya kijani ao kupitishiwa ngozi nyembamba ya shaba juu. Kwa macho linang'aa kama dhahabu. Wanunuzi wa vyuma wanajua ujanja huo, njo maana wanatembea na sumaku. Ganda likinaswa na sumaku, ni chuma, bei imeshuka. Chuma hicho hakipendi kufinywa tena, kinapasuka. Halafu fataki ya maganda mengi ya namna hiyo imekaliwa chini na matundu mawili madogo ya pembeni, si tundu moja la katikati, na vifaa vya kawaida vya wajazaji haviwezi kuitoa.

Kizuizi kingine ni hesabu ya kawaida tu. Kujaza ganda moja kunadai fataki mpya, baruti ya aina ile hasa, kichwa kipya, mizani inayopima sehemu ndogo za gramu, na utulivu. AK inatupa maganda upande wa kulia mita kadhaa, ndani ya majani, usiku, mvua ikinyesha. Kundi lenye silaha linaloweza kupora sanduku zima katika kambi iliyoshambuliwa, ao kulinunua kwa njia za magendo, halina sababu ya kutambaa katika shamba la kakao kutafuta vikopo vitupu. Na mutu asiyejua akijaribu, baruti ikizidi kidogo ao ikiwa si ile inayofaa, bunduki inapasukia mkononi mwake. Ukweli ni kwamba sehemu za risasi, siyo risasi nzima tu, zinaangaliwa na sheria pia. Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, unataja katika jina lake lenyewe silaha ndogo, risasi zake, na vipande vinavyoweza kutumika kuzitengeneza. Nchi yetu ina sheria yake ya silaha na risasi tangu tarehe 3 Septemba 1985.

Basi ganda lililopigwa si mali ya waasi. Faida yake iko kwa upande mwingine, na inatokana na ile habari ya kiatu.

Ganda linapovimba na kugandamana na chemba, linapigwa muhuri na bunduki hiyo. Sindano inaacha shimo kwenye fataki. Uso wa chuma ulio nyuma ya ganda unaacha mikwaruzo yake kwenye kitako. Ukucha unaolivuta nje unakwaruza ukingo, na kile kinacholisukuma lirukie nje kinaacha alama nyingine. Hakuna bunduki mbili zenye mikwaruzo iliyofanana kabisa, kwani kila chuma kilikatwa na kulika kivyake. Mtaalamu akiweka maganda mawili chini ya hadubini yenye macho mawili, anaweza kueleza kama yametoka katika bunduki moja ao la. Akiletewa bunduki iliyokamatwa, anaipiga, anachukua ganda jipya na kulilinganisha na lile la shambani. Ule ukaidi wa ganda la mchezaji wa shabaha, kukataa kuingia bunduki ya jirani, unatoka katika jambo hilohilo.

Kazi hii iko na umri wa karibu miaka mia moja, na moja ya kesi zake za kwanza zenye sifa inafanana na yetu kuliko tunavyofikiri. Tarehe 14 Februari 1929, mjini Chicago, watu saba walisimamishwa kwenye ukuta wa gereji na kuuawa. Wauaji wawili kati yao walivaa nguo za polisi. Muji mzima ukasema: polisi wameua. Pale chini palibaki maganda 70. Mtaalamu Calvin Goddard aliyapima na kukuta yametoka katika bunduki mbili. Alipima pia bunduki za polisi za aina hiyo: hazikulingana. Mwezi Desemba mwaka uleule, bunduki mbili zilipatikana katika nyumba ya mutu wa genge, jimbo la Michigan. Zilipopigwa, maganda yao yalilingana na yale ya gereji.

Hapa Beni, tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, ni mara ngapi waliookoka wamesema kwamba washambulizi walivaa nguo za jeshi? Nguo inaweza kuibwa, kuvuliwa kwa maiti, kununuliwa. Neno la aliyeona nguo gizani ni zito, lakini halitoshi kumwachilia mutu wala kumhukumu. Maganda yaliyobaki pale chini ni shahidi ambaye hakuogopa na hakukimbia. Shida ni kwamba asubuhi tunamtia mfukoni.

Tugeukie maandishi ya kitako, kwani hapa ndipo maneno mengi yanapotokea. Kwa kawaida kuna alama ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka ilipotengenezwa. Viwanda vya China vinaandika namba tu. Vingine vinaandika herufi. Ganda lenye duara na msalaba ndani linaonyesha vipimo vya NATO. Na risasi hazitoki mbali tu. Kenya iko na kiwanda Eldoret, Tanzania iko na Shirika la Mzinga kule Morogoro, Uganda iko na Luwero Industries kule Nakasongola.

Kwa hiyo mutu akisoma kitako anaweza kujua risasi ilizaliwa wapi na lini. Hajui ilipitia mikono mingapi. Bunduki inayo namba yake peke yake, na mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 juu ya kufuatilia silaha ndogo yanahusu bunduki, hayahusu risasi. Risasi moja haina namba yake. Inashiriki maandishi na mamilioni ya ndugu zake, waliouzishwa kwa majeshi mbalimbali, kisha wakaporwa, wakaibwa, wakauzishwa tena kwa kreti ya bia. Waasi wakishambulia kambi ya FARDC na kuondoka na masanduku, kesho yake watapiga raia kwa risasi za jeshi. Maganda yatasema "za jeshi". Je, yatakuwa yamesema nani alipiga? Hapana.

Hiyo haina maana kwamba kitako hakina kazi. Kikisomwa kimoja kimoja kinadanganya. Vikisomwa mamia kwa pamoja, kwa tarehe na mahali, picha inatoka. Mwaka 2008 mtafiti James Bevan wa shirika la Small Arms Survey la Geneva alichapisha kazi aliyoifanya Turkana Kaskazini, nchini Kenya. Alikusanya maandishi ya vitako vya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji, akayalinganisha na yale ya risasi za polisi. Karibu nusu ya risasi zile haramu zilitoka katika akiba ya serikali yenyewe, nyingi zikiwa za kiwanda cha Eldoret. Polisi walikuwa wakiwapa wafugaji wajilinde. Watu waliokuwa wakilaumu mipaka tu walikuta mlango mwingine uko wazi nyumbani.

Brazili ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya Desemba 2003 inadai risasi za vyombo vya serikali ziandikwe kwenye ganda namba ya fungu lake. Mbunge wa jiji Marielle Franco alipouawa Rio de Janeiro tarehe 14 Machi 2018, maganda ya milimita 9 yaliyobaki barabarani yalikuwa na fungu UZZ-18, lililouzishwa kwa polisi wa taifa mwaka 2006. Hilo peke yake halikutaja muuaji, kwani risasi za fungu hilo zilikwisha kuonekana katika mauaji mengine ya mwaka 2015. Lakini lilionyesha ghala la kuuliza. Mwezi Oktoba 2024 mahakama ilimhukumu aliyepiga, mutu aliyekuwa zamani polisi.

Kwetu kazi ya namna hii inafanywa na Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, lililoundwa kwa azimio 1533 la Machi 2004 ili kuchunguza vikwazo vya silaha vilivyowekwa mwaka uliotangulia. Wanapiga picha maganda na masanduku, wanaandikia nchi na viwanda, wanauliza: mliuzisha wapi? Ganda lililookotwa na mutoto, likapita mikono saba, likafika kwao bila mutu anayejua lilitoka kijiji gani na siku gani, haliwafai kitu. Tena ganda lililowekwa kwenye mkoba pamoja na mengine linapata mikwaruzo mipya juu ya ile ya bunduki.

Hapa nitasema ninavyofikiri mimi. Watu wetu wanalalamika, na wana haki, kwamba wachunguzi wanakuja wachelewe ao hawaji kabisa. Tarehe 26 Julai 2022, siku ya fujo dhidi ya MONUSCO, Butembo ilipoteza raia kadhaa, na walinzi wa amani watatu waliuawa, mwanajeshi mmoja wa Morocco na polisi wawili wa India. Swali la nani alipiga nani lilitangulia kila swali lingine, na bado linaulizwa katika mazungumzo ya muji. Daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa kwa risasi tarehe 19 Aprili 2019 katika hospitali ya Chuo kikuu cha Graben, na faili yake ikaenda kwa auditora ya kijeshi. Katika kesi za namna hiyo sote tunadai ukweli. Lakini ukweli hauanzi mbele ya mahakimu, unaanza pale chini, katika saa za kwanza, wakati hakuna hakimu wala mwandishi wa habari, isipokuwa majirani tu. Uzembe wa wakubwa hauwezi kuwa sababu ya sisi kuharibu kile kidogo kilichobaki.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawajui. Mbele ya korti za kijeshi, askari aliyepiga ovyo anaweza kushitakiwa kwa kosa la kupoteza risasi za vita. Ndiyo ile inayosikika katika hukumu nyingi pamoja na kuvunja amri. Mwenye mashitaka anahitaji kuonyesha ni ngapi zilipigwa. Askari akisema alipiga mbili hewani, na pale alipokuwa amesimama kuna maganda kumi na tano, maganda ndiyo yanasema. Hesabu ya risasi, bila shaka, iko na historia chafu katika nchi hii. Wakati wa utawala wa Leopold II, huko Ekwateri, askari walidaiwa kuleta mkono uliokatwa wa mutu kwa kila risasi waliyotumia, na waliowinda nyama nazo walikata mikono ya watu wazima kiafya ili hesabu itimie. Siku hizo hesabu ilikuwa ya kulinda mali ya mkubwa. Kuhesabu maganda leo kungeweza kumlinda raia, kama yangekutwa mahali pake.

Sasa habari ya watoto na wanunuzi wa vyuma, na hapa sitazunguka. Mutoto anayeokota maganda hawezi kutofautisha daima ganda tupu na risasi ambayo haikupigwa, ao iliyopigwa ikakataa. Ganda tupu liko wazi shingoni, na fataki yake imechimbika. Risasi ambayo bado iko nzima ina kichwa. Ile iliyokataa ina kichwa na fataki iliyochimbika, na ni mbaya kuliko zote kwa sababu inaonekana kama imekufa. Mhunzi akitupa mchanganyiko huo katika moto wa kuyeyusha, nzima moja inatosha kumtoa jicho. Na kandokando ya maganda kunaweza kulala grenedi, kichwa cha roketi, ao kitu kilichotegwa. Tangu Juni 2021, bomu lilipolipuka katika kanisa la Emmanuel-Butsili hapa Beni, hadi lile la Kasindi la tarehe 15 Januari 2023 ndani ya kanisa la Wapentekote, tumejifunza kwamba bomu linaweza kufichwa katika kitu cha kawaida kabisa. Mahali palipopigwa masasi si mahali pa kutembea ukitazama chini na kuokota.

Mzazi atauliza: basi nifanye nini? Zuia watoto kwanza, hata kwa ukali. Usiguse, usipige teke, usifagie uwanja hata kama aibu inakusukuma kusafisha mbele ya wageni wa kilio. Ukiona ganda ukiwa katika njia iliyokwisha kupitwa na watu, unaweza kupiga picha na simu ukiwa umesimama hapohapo, picha inayoonyesha pia nyumba ao mti wa karibu ili mahali pajulikane. Usiingie ndani ya majani kutafuta mengine. Usitume picha hiyo katika makundi ya WhatsApp na maelezo ya nchi ao kabila. Mwambie mkubwa wa avenyu ao wa kata, naye aarifu polisi ao auditora ya kijeshi. Kitu chochote ambacho si ganda tupu la wazi, kaa mbali na uzuie wengine mpaka wenye ujuzi wa mabomu wafike.

Kama umekwisha kuliokota, kosa si kubwa mpaka ulifiche. Liweke peke yake ndani ya karatasi, si katika nailoni inayoshika maji, na uandike juu yake siku, saa, na mahali hasa ulipolikuta. Lipeleke bila kuchelewa, kwani raia anayekutwa na risasi za vita nyumbani anaweza kujikuta mbele ya sheria ya kijeshi, na kueleza wakati huo kwamba ulikuwa unatunza ushahidi kutakuwa kazi ngumu. Wale wanaopokea nao wanapaswa kuandika jina la aliyeleta, na kumwachilia arudi nyumbani. Raia akifungwa siku tatu kwa sababu ameleta ganda, kata nzima haitaleta lingine.